Nondo Thelathini na Sita Nusu

Mwaka ule wa tisini na tano, ungepanda mlimani Igogo ukaulizia nyumba ya Ndalahwa, watu wangekutazama kwanza kama uliyepotea. Ungeulizia kwa Bwana Stoo, hata kuku wangekuonyesha njia. Jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na mmoja alishika funguo za bohari la vifaa vya ujenzi, kule chini karibu na reli, enzi ambazo saruji hainunuliwi bali inaombwa. Mtu alikuja na karatasi yake imepita ofisi tatu na mihuri mitatu, akasimama mbele ya dirisha dogo la Ndalahwa, akavua kofia. Na Ndalahwa aliisoma karatasi ile taratibu kuliko ilivyohitajika. Tuseme tu ukweli, alikuwa na maringo. Lakini hakuwa mwizi, na kwa mtu aliyeshika funguo zile miaka ile, hilo si jambo dogo.

Halafu likaja soko huria. Bohari likafungwa, Ndalahwa akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, na vitu vilivyokuwa vikivuliwa kofia vikaanza kuuzwa barabarani mchana kweupe kwa yeyote mwenye fedha. Saruji ilipangwa nje ya maduka kama mihogo. Mabati, misumari, rangi, nondo za kila unene, vyote vipo. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alipita mbele ya maduka yale akitazama upande wa pili wa barabara, kwa maana kila rundo lililokaa pale lilimwambia kwamba hahitajiki tena. Kilichombakia ni lile jina, na sifa ya kuwa anajua chuma. Akikuta watu wanajenga atasimama, atashika kiuno, atatoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Mkewe Paskazia alimwonya mara nyingi.

"Baba, iko siku watakuuliza swali," alimwambia.

Ndalahwa alicheka, kwa sababu kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza chochote.

Aliyekuja kumuuliza ni jirani yake wa nyumba ya juu, Wilhelmina, mjane ambaye mtaani walimwita Mama Odeta kwa jina la binti yake. Mama huyu alikuwa akiuza mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda vya samaki kukata minofu na kuipeleka Ulaya. Aliyanunua mabichi, akayakaanga, akayauza, na kwa mifupa hiyo hiyo akasomesha na akajenga. Nyumba yake ilikaa katikati ya mawe makubwa, kama nyumba nyingi za mlima ule, na kati ya ukuta wa nyuma na jiwe la juu palikuwa na pengo pana lisilofaa kitu ila kukusanya takataka. Mama Odeta akaamua kulifunika kwa slabu ya zege. Chini apate chumba cha kuni na samaki, juu apate ua wa kukalia watu. Watu wenyewe walikuwa wameshajulikana: jumuiya yao ndogo ya Kikatoliki ilipangiwa kusali kwake Jumapili ya mwisho ya Agosti, na ikija jumuiya huwa ni watu arobaini, pamoja na watoto wao warukao.

Fundi alikuwa Maige wa Sengerema. Alikuja akapima, akaandika orodha kwenye kipande cha mfuko wa saruji, halafu akavuka zake kwa pantoni kurudi kwao, ambako alikuwa na kazi nyingine ya kumalizia. Kazi ya kufunga nondo na kumwaga zege alimwachia msaidizi wake Ojwang, mtu mzima mwenye watoto wanne, mwenyeji wa Shirati, asiyepoteza maneno. Maige mwenyewe angerudi siku ya kuondoa mirunda, ile miti inayoegemeza slabu mpaka ikomae.

Mama Odeta akateremka na orodha yake mkononi.

"Bwana Stoo," alisema, "mimi najua mapanki, chuma sikijui. Nikienda mwenyewe watanibambikia. Naomba unisaidie."

Ndalahwa aliinyoosha karatasi juu ya goti, akaisoma taratibu kuliko ilivyohitajika. Saruji mifuko kadhaa, waya wa kufungia, na katikati mstari mmoja: Nondo 36 nusu.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana vijana wa leo hawawezi kuelewa. Katika bohari lile, aliyetaka mifuko kumi aliomba ishirini. Mkubwa wa ofisi alijua ameongeza, akaandika pembeni "nusu" na kutia saini, mwombaji akapewa kumi zake na kila mtu akaenda kwao ameridhika. Kwa miaka ishirini na mmoja Ndalahwa alilisoma neno hilo mara kumi kwa siku, na siku zote lilikuwa na maana moja. Basi hakufikiri hata kidogo. Alichomoa kalamu mfukoni, akakata 36, akaandika 18, akatia saini yake ndefu ya enzi zile. Paskazia aliyekuwa akimtazama alisema baadaye kwamba hajamwona na furaha namna ile tangu apunguzwe.

Dukani kijana muuzaji alimuuliza, "Za ngapi, mzee?"

"Kumi na nane."

"Nauliza unene. Milimita nane, kumi, kumi na mbili, kumi na sita?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa maishani. Bohari lilikuwa likipokea nondo zilizokuja, na mwananchi akachukua zilizokuwepo, akashukuru. Kuchagua hakukuwemo. Sasa mbele yake palikuwa na marundo manne, na nyuma yake watu watatu wakisubiri zamu. Angesema tu, kijana wangu, nafunika chumba cha upana fulani, watakaa watu juu yake, nipe inayofaa. Ni maneno ya nusu dakika. Lakini Bwana Stoo amuulize mtoto wa juzi habari za chuma, na watu wamesimama? Akajikausha. Akatembea kando ya marundo, mikono nyuma, kama mkaguzi. Zile nene zilikuwa zimekaa nje, zimeshika kutu. Zile nyembamba kabisa zilikuwa safi, zinang'aa. Na hakuna kitu mtunza bohari anachokichukia kama kutu.

"Nipe hizi," alisema. "Hizo za kutu wauzie wasiojua."

Alipompelekea Mama Odeta chenji, mama wa watu alishangaa jinsi ilivyobaki nyingi. "Wamekupunguzia," alisema, "kwa sababu wanakujua." Ndalahwa alitabasamu tu, akaacha maneno yale yakae yalivyokaa. Alhamisi iliyofuata Mama Odeta alisimama mbele ya jumuiya akatoa ushuhuda kwamba bado wapo watu waaminifu mjini Mwanza, na wote wakapiga makofi. Ndalahwa alitazama chini kwa unyenyekevu, huku kichwa kikimvimba.

Siku ya kufunga nondo Ojwang alimfuata pembeni, palipokuwa hapana mtu.

"Mzee, nondo ni hizi tu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Naona kama nyembamba. Na nikizigawa zinaachana sana."

"Ojwang, wewe umeanza kushika nondo lini? Mimi nilikuwa nazipokea kwa behewa. Nimeleta kama fundi alivyoandika. Funga."

"Samahani, mzee," alisema Ojwang, akaenda kufunga.

Zege likamwagwa Jumamosi kwa ndoo, toka asubuhi hadi alasiri, wanawake wakipandisha maji kutoka bombani chini na wanaume wakikoroga kwa beleshi. Watu wakala ugali na mapanki, wakaimba kidogo. Ndalahwa alikaa kwenye kiti alichowekewa kivulini, akitoa maoni.

Zilipita siku kumi na moja. Alikuwa ameteremka mjini kununua komeo la mlango, akaingia duka lile lile. Mbele yake utingo wa lori aliagiza, "Nipe nondo nusu, ishirini." Muuzaji akaenda kwenye rundo la nene, lile la kutu, akaanza kuhesabu moja hadi ishirini.

Ndalahwa akaona kijana amekosea. "Mbona amesema nusu na wewe unampa ishirini nzima?"

Utingo alicheka mpaka akashika tumbo. Muuzaji alijitahidi asicheke. "Mzee wangu, nusu inchi. Ni unene wake. Ndiyo hiyo milimita kumi na mbili."

"Na zile nyembamba?"

"Zile ni za kutengenezea ringi tu, za kuzungushia nguzo. Ukiweka zile peke yake kwenye slabu utaua watu."

Komeo hakununua. Alitoka nje akajibanza nyuma ya lori, akaitoa ile karatasi ya mfuko wa saruji ambayo bado ilikuwa mfukoni mwa shati. Nondo thelathini na sita, za nusu inchi. Juu yake mkato wa kalamu yake, na ile saini ndefu. Masikio yalimwaka moto. Aliona kama mtaa mzima wa maduka unajua, kuanzia wapiga debe hadi mama wa karanga. Alipanda mlima kwa njia ya nyuma, inayopita kwenye mawe, ili asikutane na mtu.

Kuanzia siku ile alikwenda kwa Mama Odeta mara tatu kwa nia ya kusema. Mara zote alikaribishwa kwa kiti, na kiti kile ndicho kilichomshinda. Angekaa, angepewa chai, angeitazama ile mirunda iliyosimama gizani chini ya slabu, na ulimi ungegoma. Alijua vizuri sana ni kitu gani kinachomzuia, wala hakujidanganya. Kazi ilikwisha kuondoka, na akisema neno hili na jina litaondoka. Atabaki mzee fulani tu aitwaye Ndalahwa, asiyejua nondo. Mara ya tatu akajaribu kulisema kwa kuzunguka.

"Mama Odeta, mirunda hiyo usiruhusu iondolewe upesi. Saruji za siku hizi zinachelewa kukomaa. Ngoja hata mwezi."

"Wewe ndiye unayejua, Bwana Stoo," alisema Mama Odeta. "Ukisema mwezi ni mwezi."

Alitamani angebishiwa.

Lakini Maige alirudi Jumamosi, siku moja kabla ya jumuiya, na Maige hakuja kusikiliza habari za mwezi. Aliinama akaingia chini ya slabu, akaitazama. Akapanda juu, akaenda ukingoni ambako ncha za nondo ziliachwa zimechungulia kwa ajili ya kuendeleza ujenzi siku za mbele. Akaishika moja kwa vidole viwili, akaipinda. Ikapinda.

"Ojwang," aliita. "Njoo hapa."

Walikuwepo Mama Odeta, majirani wawili watatu waliokuja kusaidia kuandaa, na Ndalahwa, ambaye angeweza kuwa popote pengine duniani siku hiyo lakini alishindwa kukaa mbali.

"Mimi niliandika thelathini na sita za nusu," alisema Maige. "Hapa nahesabu kumi na nane, tena za ringi. Zangu umeziuza wapi?"

"Nilifunga nilizozikuta," alisema Ojwang.

"Nondo alinunua Bwana Stoo mwenyewe," alisema Mama Odeta kwa mshangao.

"Ndiyo maana nasema. Huyu mzee hawezi kukosea nondo. Ziliingia nzuri, huyu akazibadilisha." Maige akageuka. "Au siyo, mzee?"

Ojwang naye aligeuka akamtazama Ndalahwa. Hakumtazama kwa hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kutafuta ufunguo mfukoni. Mlango ulikuwa wazi kabisa, Ndalahwa angepita. Badala yake kichwa chake kilikwenda chini, kikarudi juu. Alitikisa mara moja tu, wala hakutoa neno, lakini wote walimwona.

Maige akamnyang'anya Ojwang mwiko na koleo, akasema vitabaki kwake mpaka nondo zirudi. Mama Odeta alisema, "Mwizi wewe, nakulisha nyumbani kwangu." Majirani wakalipokea neno. Ojwang aliteremka mlima mikono mitupu, na kila nyumba aliyoipita ilikuwa imeshasikia.

Nyumbani Ndalahwa hakula. Paskazia alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo, na Ndalahwa akaketi nyuma yake, mahali ambapo hataonekana uso, akamwambia yote tangu kalamu hadi kichwa. Alimwambia kwamba anajionea kinyaa. Alitegemea labda mke atalia, au atamtukana, angalau apate kitu cha kubeba. Paskazia aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza mwishowe. "Mimi sikuitwa mwizi."

Kesho yake jumuiya ilisali kichochoroni, kwa kuwa Maige alikataza mtu yeyote kukanyaga slabu. Watu arobaini walibanana kwenye mikeka kati ya ukuta na jiwe. Ilipofika saa ya maombi ya waamini, mmoja aliombea wagonjwa, mwingine mvua, mwingine akawaombea wezi wa mtaani Mungu awabadilishe mioyo, na wote wakaitikia. Ndipo Ndalahwa akasimama. Akashika jiwe.

"Mama Odeta, nondo zako hazikuibwa," alisema. "Hazikununuliwa. Nilisoma nusu nikafikiri ni nusu ya hesabu. Na unene sikuujua, nikachagua zinazong'aa. Niliona aibu kumuuliza muuzaji. Nilipokuja kujua niliona aibu kukwambia. Jana nilitikisa kichwa."

Nyuma mtu alicheka kwa pua, pengine kwa sababu ya zile zinazong'aa, akanyamazishwa. Ndalahwa alitoa karatasi yake akampa Maige, aliyekuwa amesimama pembeni. Maige aliisoma, akaitazama saini, akaikunja. Mama Odeta hakupiga kelele, na kelele zingekuwa afadhali.

"Ojwang alikuuliza?" alisema.

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia afunge."

Mama Odeta alijifunika magoti kwa khanga. "Slabu tutaivunja," alisema. "Ile ni saruji tu, nitakaanga mapanki mengine. Lakini umenifanya nimwite mtu mwizi, na yeye ananitazama."

Jioni ile ile Ndalahwa aliomba mwiko na koleo kwa Maige, akateremka navyo peke yake hadi chumba cha kupanga cha Ojwang, kule chini karibu na ziwa. Alimkuta nje anashona kiatu cha mtoto. Ojwang alisimama alipomwona, akampisha kigoda, na kilikuwa kigoda kimoja tu. Ndalahwa alikataa kukaa. Alisema alichokuja kusema, akasema amekwisha kukisema mbele ya jumuiya, akaomba radhi. Halafu akauliza kitu kilichokuwa kikimsumbua tangu jana.

"Kwa nini hukunitaja?"

Ojwang aliukagua mwiko wake, akaufuta kwa kiganja.

"Ningekutaja, mzee, nani angeniamini?" alisema. "Na wewe ulikuwa umesimama pale pale. Nilidhani utasema mwenyewe."

Ndalahwa alikubali kwa kichwa, kisha akaona aibu ya kutumia kichwa kile. Alipoaga, Ojwang alimsindikiza, kama mtu yeyote anavyomsindikiza mgeni mwenye umri wa baba yake, wakaanza kupanda wote wawili. Penye nyumba ya kwanza mama mmoja alikuwa anaanua nguo. Hakuwa mtu wa jumuiya. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Stoo," alisema. Kisha yule mama akampita Ojwang kwa macho kama asiyekuwepo, akaisogeza ndoo yake karibu na mlango.

Ndalahwa aliiona ndoo ile ikisogezwa. Akasimama.

"Mama, msalimie na huyu," alisema. "Hakuiba. Zile nondo niliziharibu mimi, kwa kutojua."

Yule mama akacheka, akiona kweli mzee ana utani leo. "Wewe, Bwana Stoo? Ukosee nondo?" alisema, akaendelea kuanua nguo zake. Juu yao kulikuwa na nyumba nyingine kama sitini kabla ya kufika kwa Ndalahwa. Ikambidi aweke mkono begani kwa Ojwang, aseme tena maneno yale yale, polepole zaidi, mpaka yule mama akaacha kucheka na kumtazama.